Green Goddess: injini ndogo, kazi ya kweli

Ndugu zangu, msicheke. Green Goddess, injini ya mvuke ya reli ya Romney, Hythe na Dymchurch huku Kent, Uingereza, si kitu cha kuchezea watoto.

Aliyeiagiza ni Count Louis Zborowski, tajiri wa mbio za magari. Ramani yake aliichora Henry Greenly, wakaiunda Davey Paxman wa Colchester. Lakini Zborowski hakuiona ikitembea. Alikufa mbioni kule Monza, Oktoba 1924. Injini ikamalizika 1925, haina mwenyewe wala haina reli. Rafiki yake, Captain J.E.P. Howey, ndiye aliyeishika azma ile, akatafuta pa kuijenga njia, na Julai 1927 reli ikafunguliwa.

Upana wa njia yake ni milimita 381 tu. Ile reli ya zamani ya Mombasa ni 1,000. Hata hivyo tanuri, boila na silinda zote ni za kweli, kwa theluthi ya ukubwa wa kawaida. Vita Vikuu vya Pili vilipokuja, jeshi likaichukua reli ile na kupitisha treni ya deraya. Na Green Goddess ingali hai.

Mimi kwetu Unguja. Reli yetu ya Bububu ilianza 1905, na njia yake ilikuwa pana kuliko hii mara mbili na zaidi. Mimi nimekuta hadithi tu. Tusisingizie umasikini peke yake. Huku aliyeanza alikufa, mwenziwe akaendeleza. Yetu ilipokufa, nani aliyeililia?

Wasalaam.