Kilima hakidai pesa: historia ya mbio za kupanda, na somo lake kwa Kolwezi

Kolwezi ni mji wa vilima. Zamani, kabla Union Minière haijafika, wachimbaji wa Kisanga walitambua shaba kwa kuona vilima vitupu, visivyoota miti. Vingi kati ya vilima hivyo leo ni mashimo, na udongo wake umerundikwa kando. Mtu anayetaka kukimbia kupanda ili apate nguvu, lazima kwanza ajue apande wapi.

Kukimbia mlimani si jambo la jana. Mwaka 1960 Wakongomani wanaukumbuka kwa uhuru wa tarehe 30 Juni, na kwa Katanga kujitenga siku 11 baadaye. Mwezi wa Septemba mwaka huo, kwenye Olimpiki ya Roma, Peter Snell na Murray Halberg wa New Zealand walishinda dhahabu siku moja, Snell mita 800, Halberg mita 5,000. Kocha wao, Arthur Lydiard, alikuwa fundi wa viatu. Aliwakimbiza kilomita 35 kwenye vilima vya Waiatarua, kisha wiki kadhaa za kupanda tu. Siku chache baadaye Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyezoea miinuko ya Addis Ababa, alishinda marathoni bila viatu.

Kenya nayo ina barabara ya kupanda inayojulikana na wakimbiaji wote. Inatoka Kimwarer, chini katika bonde la Kerio, hadi Nyaru, kama kilomita 21, ikipanda zaidi ya mita 1,000. Wanaiita Fluorspar, jina la madini yaliyochimbwa pale. Moses Tanui, mshindi wa Boston mwaka 1996 na 1998, alifanya mazoezi hapo. Lakini familia zilizotolewa kwenye ardhi hiyo miaka ya 1970 kupisha mgodi zimedai fidia kwa miongo mingi. Watu wa Kolwezi hawahitaji kuelezwa habari hiyo zaidi.

Kwetu Kongo kuna Makorobondo Salukombo. Familia yake iliikimbia vita ya Kivu, ikaishia Marekani. Alirudi Kirotshe, kando ya ziwa Kivu, akafundisha vijana mbio, na mwaka 2016 akaiwakilisha nchi katika marathoni ya Rio.

Kwa nini kilima? Kwa sababu mtu anapopanda anainua uzito wake mwenyewe. Mapaja, makalio na misuli ya nyuma ya mguu hufanya kazi kubwa, na moyo unapiga kwa nguvu hata kama mwendo ni mdogo. Mguu unatua taratibu kuliko kwenye tambarare, maana ardhi inaufuata. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, kwa hiyo shuka ukitembea. Anayeanza apande dakika moja, ashuke polepole, arudie mara nne au tano, siku mbili kwa wiki. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha aulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza. Vilima vya mabaki ya migodi si mahali pa mazoezi. Vinaweza kuporomoka, na vumbi lake lina madini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Mkimbiaji anavuta hewa nyingi kuliko mtu aliyekaa, na vumbi linaingia nayo. Tafuta mwinuko wa ardhi ya asili, mbali na uzio na barabara ya malori, alfajiri au baada ya mvua.

Familia iliyohamishwa huacha nyumba, shamba na mti wa maembe. Nguvu ya miguu inahama nayo. Na kilima safi, popote ilipofikia, hakidai pesa wala karatasi.