Jua na Siku katika Lugha za Ufilipino: Historia ya Neno Moja lenye Maana Mbili

Kiswahili kina jua na siku, maneno mawili yasiyofanana kiumbo. Tena siku iko karibu zaidi na usiku kuliko na jua. Hali ni tofauti katika sehemu kubwa ya Ufilipino. Kitagalog hutumia araw kwa jua linalochomoza na pia kwa siku inayohesabiwa. Kisebuano na Kihiligaynon hutumia adlaw vivyo hivyo, Kibikol aldaw, Kikapampangan aldo, na Kipangasinan agew. Jambo hili si geni kwa mwanaisimu wa Kibantu, kwani ilanga katika Kizulu nalo hubeba maana zote mbili. Swali la kihistoria ni hili: maana hizo zinapotengana, neno la kale hubaki na ipi? Makala haya yanadai kwamba aghalabu hubaki na maana ya siku, na kwamba kutozingatia mwelekeo huo hupotosha vipimo vya udugu wa lugha.

Ushahidi wa maandishi si mchache. Antonio Pigafetta, aliyesafiri na Magellan, aliorodhesha maneno ya Cebu mwaka 1521, na kwa jua aliandika adlo. Mwaka 1593 kitabu cha Doctrina Christiana kilichapishwa Manila kwa Kihispania na Kitagalog, na ndani yake arao inatumika kwa maana ya siku. Hata hivyo, maandishi haya hayafiki mbali vya kutosha kuonesha chanzo cha neno. Kazi hiyo hufanywa na ulinganishi wa sauti.

Msingi wa ulinganishi huo uliwekwa na Otto Dempwolff katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1934 na 1938. Dempwolff alikuwa daktari aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1916 alichapisha utafiti wake kuhusu Wasandawe, na mbinu aliyoitumia kwa lugha za Kiaustronesia ilifuata kielelezo cha Carl Meinhof katika sauti za Kibantu. Kwa mbinu hiyo, maumbo yanayoonekana kutofautiana hubainika kuwa ndugu. Mpunga ni palay katika Kitagalog, padi katika Kimalai, na pagey katika Kipangasinan. Jina ni ngalan katika Kitagalog na nagan katika Kiilokano. Konsonanti moja ya kale imekuwa l au d mahali pamoja na g mahali pengine. Kwa hiyo g ya agew si kizuizi cha kuliweka neno hilo katika ukoo wa aldaw. Tofauti ya aldaw na adlaw, kwa upande wake, ni ya mpangilio tu: l na d zimebadilishana nafasi. Umbo la kale lililoundwa upya na wanaisimu wa baadaye ni *qalejaw.

Mkondo wa maana unaonekana pale lugha zinapoachana na mazoea haya. Kiilokano kina aldaw, lakini kwa siku. Jua ni init, neno ambalo katika Kitagalog lina maana ya joto. Kitausug kina adlaw kwa siku, na jua ni suga, neno ambalo katika Kisebuano ni taa au mwanga. Nje ya Ufilipino, Kimalagasi kimehifadhi andro kwa siku, na jua limeitwa masoandro, yaani jicho la siku. Kimalai kimeunda matahari kwa muundo uleule, ingawa hari ni neno la mzizi mwingine. Katika hali hizi zote jua ndilo lililopewa jina jipya, kutokana na joto lake, nuru yake, au umbo lake angani.

Sababu yake inaeleweka. Jua ni kitu kinachoonekana na kuhisiwa, na kila sifa yake yaweza kuzaa jina. Siku ni kipimo: imefungwa katika hesabu, ahadi, na semi zilizoganda kama araw-araw, yaani kila siku. Neno lililofungwa hivyo haling'oki kwa urahisi. Hata hivyo, huu ni mwelekeo, si kanuni. Katika Kichamorro cha visiwa vya Mariana, atdao ni jua, na siku ni ha'ani. Huko neno la kale limebaki na jua, kwa kuwa nafasi ya siku imeshikwa na neno lingine.

Athari za jambo hili zinaonekana katika takwimu za msamiati. Orodha ya Morris Swadesh ya 1952 ilikuwa na jua na siku. Ile fupi ya maneno 100 ya mwaka 1955 ilibakiza jua na kuiacha siku. Kwa orodha ndefu, Kitagalog na Kisebuano hupata alama mbili kwa neno lilelile moja. Kwa orodha fupi, araw ya Kitagalog hukutanishwa na init ya Kiilokano, na matokeo ni sifuri, ilhali Kiilokano kinalo neno hilo katika aldaw. Init nayo haiokoki: Kitagalog huiweka chini ya joto kwa umbo la mainit, na mahali hapo Kiilokano kina napudot. Maneno mawili ya asili moja yamo katika lugha zote mbili, na orodha haioni hata moja.

Kinachopotea hapo ni udugu uliopo, kwa sababu tu maana zimehama. Hivyo basi, ulinganishi wa msamiati unapaswa kuanza na neno na kufuata maana zake zote, badala ya kuanza na maana moja na kuandika neno la kwanza linalotajwa. Tahadhari hiyo haihusu Ufilipino pekee. Inahusu kila ukoo wa lugha unaopimwa kwa orodha, ukiwamo wa Kibantu.