Historia ya Msumeno wa Mnyororo

Msumeno wa mnyororo haukuzaliwa msituni. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Uskochi, John Aitken na James Jeffray, walibuni mnyororo mwembamba wenye meno na mpini kila upande, wa kukatia mifupa. Daktari aliuvuta kwa mikono huku na huku, na miongoni mwa waliokatwa nao walikuwemo wajawazito waliokwama katika kujifungua. Faida yake ilikuwa kwamba mnyororo hupinda na kupita mahali ambapo msumeno wa bapa haufiki.

Wakata miti walilichukua wazo hilo baadaye sana. Mwaka 1905 Samuel Bens wa San Francisco alipewa hataza ya msumeno wenye mnyororo unaozunguka bila kukoma, aliokusudia uangushe miti mikubwa ya redwood ya California. Kikwazo kilikuwa injini, kwani za wakati huo zilikuwa nzito mno kubebwa porini.

Hatua iliyofuata ilipigwa Ujerumani. Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa umeme mwaka 1926, ingawa msituni hakuna waya wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp alijaribu msumeno wa petroli kwenye mlima Dolmar, huko Thuringia, na kampuni yake ikachukua jina la mlima huo. Stihl naye alitoa wa petroli mwaka 1929, wenye uzito wa kilo 46 hivi. Mashine hizo zilishikwa na watu wawili, mmoja kila mwisho, na kuipandisha moja mlimani kulikuwa adhabu. Haishangazi kwamba shoka halikuwekwa chini haraka. Vita Kuu ya Pili ilipozuia bidhaa za Ujerumani, viwanda vya Amerika Kaskazini vilijitengenezea misumeno yao. Baada ya vita uzito ulishuka kwa kasi: mwaka 1949 McCulloch waliuza msumeno wa kilo 11 hivi, wa kushikwa na mtu mmoja.

Hata hivyo, wepesi wa injini peke yake usingetosha. Meno ya minyororo ya awali yaliiga yale ya msumeno wa mkono: yalikwaruza mti badala ya kuuchonga, yakawa butu upesi, na fundi akatumia muda mwingi kuyanoa. Aliyelitatua tatizo hilo ni Joseph Buford Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon. Mwaka 1946 alitazama buu la mbawakawa likitafuna kisiki, akaona taya zake zinakata kushoto na kulia, kwa mkingamo wa nyuzi za mti na kwa kuzifuata, bila shida. Akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda, moja la kushoto na moja la kulia kwa zamu, na mbele ya kila jino akaweka kidundu kinachopima kina cha kukata. Mwaka uliofuata alianza kuuuza mjini Portland. Katika historia yote ya chombo hiki, hakuna badiliko lililozidi hilo.

Yaliyobaki yalihusu mwili wa mkataji. Mtetemo ulitia vidole ganzi na kuvifanya vyeupe, hivyo miaka ya 1960 vishikio vikatenganishwa na injini kwa mpira. Breki ya mnyororo ilikuja miaka ya 1970, kwa sababu ncha ya msumeno ikigusa mti vibaya chombo huruka kuelekea usoni.

Afrika Mashariki mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni akipokea unga machoni. Msumeno wa mnyororo, ambao Wakenya wengi huuita pawasoo, ulipofika haukuishia kuangusha miti, bali ulianza pia kupasua mbao palepale msituni. Unakwenda haraka, lakini njia yake ni pana kuliko ya msumeno wa shimo, hivyo sehemu kubwa zaidi ya gogo huishia kuwa unga. Kwa gogo la thamani kama mninga au mvule, hiyo ni hasara kubwa. Minyororo mingi inayouzwa madukani leo bado ina jino linalofuata wazo la Cox, na hunolewa kwa tupa ya mviringo.