Kunguru wa Uani na Joto la Kaskazi

Kaskazi hii joto limezidi. Sisi tunaoshona barazani, ikifika saa saba mchana tunawaona kunguru wamejipanga juu ya ukuta, midomo wazi, wanahema. Ndege hatoki jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema hivyo. Tukiweka beseni la maji uani, wa kwanza kushuka ni wao. Tetere atangoja mpaka wamalize.

Wengi wetu tumekua tukidhani huyu mwenye shingo ya kijivu ni wa hapa tangu enzi za mababu. Siye. Kunguru wa kwetu hasa ni yule mwenye kifua cheupe, na huyu mgeni ndiye aliyemsukuma pembeni. Aliletwa kutoka India katika miaka ya 1890, wakati Unguja imeshawekwa chini ya himaya ya Waingereza, na kazi aliyoletewa ni kula taka za mji. Fikirieni Mji Mkongwe wa wakati ule, matumbo ya samaki na makombo ya majumbani, na lori la taka bado halijajulikana. Walimwona kama mtumishi asiyedai mshahara.

Kanga zetu zinasema kunguru hafugiki. (Wenyewe tunajua msemo huo humlenga nani, lakini leo tumwachie ndege.) Taka alikula, kisha akaingia kwenye viota vya wenzake, akala mayai na makinda. Kufika 1917 serikali ikamtangaza kuwa mharibifu. Aliyeletwa asafishe mji sasa anatafutwa auawe! Naye hakukaa kisiwani: mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo Dar es Salaam imejaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Unguja ilifanya kampeni kubwa ya mitego na sumu. Wakapungua sana. Kampeni iliposimama, wakarudi.

Hasara yake tunaijua sisi wanawake tunaofuga kuku wa kienyeji. Kifaranga akitoka nje ya tenga dakika moja tu, kashachukuliwa, na hiyo ni ada ya mtoto au kitambaa cha sikukuu kinachoruka angani. Hata hivyo hatumlaumu ndege peke yake. Jaa likiachwa wazi nyuma ya nyumba, chakula chake kipo, na sumu itaua wa leo tu, kesho watakuja wengine.

Kwetu makombo sasa tunayafukia. Beseni tumelihamishia chini ya mkomamanga, kwenye matawi yaliyosongamana, maji kidogo tu na jiwe katikati. Kunguru hapapendi, hana pa kutanua mbawa. Asubuhi, jua likiwa bado la upole, chozi hutangulia, kisha mnana, na tetere siku hizi anakunywa bila kungoja zamu.