Shangazi yangu, MS na pumzi ya Uhindini

Mbeya kuna Uhindini na Iringa pia kuna Uhindini. Kwa Wahindi tumechukua chapati na sambusa, lakini pranayama, yaani mazoezi ya pumzi ya yoga, wengi wetu tumeyapita tu. Nimeyakumbuka nilipokuwa Iringa, shangazi aliponiuliza: "Mwanangu, hii yoga wanayoisema inaponya neva?"

Shangazi ana maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Kabla ya kupewa jina hilo aliambiwa mengi, hata kwamba karogwa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1868 Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, iliyojaa wanawake maskini. Alihusisha mitetemo na kulegea kwa miguu na makovu aliyoyakuta kwenye ubongo na uti wa mgongo wa marehemu. Leo tunajua kinga ya mwili hushambulia utando wa neva, zikabaki kama waya wa umeme uliochunika. Wanawake wanaougua ni angalau mara mbili ya wanaume.

Mwaka 1890 Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliona macho ya wagonjwa yakififia baada ya mazoezi. Baadaye ikajulikana kisa ni joto la mwili. Basi kwa miaka mingi wagonjwa wakaambiwa wakae tu, wapumzike!

Huko India, mwaka 1924, Swami Kuvalayananda alianzisha kituo cha Kaivalyadhama, Lonavla, akaanza kuipima yoga kwa vyombo vya maabara. Mwaka 2004 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa miezi sita ulioanza na wagonjwa 69 wa MS. Waliofanya yoga walipungukiwa na uchovu, sawa na walioendesha baiskeli ya mazoezi. Uwezo wa kufikiri haukubadilika.

Nikamjibu: "Hapana shangazi, haiponyi. Dawa za daktari usiache, na umwulize kwanza. Ila kupumua taratibu umekaa kitini hakupandishi joto la mwili. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Ukisikia kizunguzungu, acha."

Akajaribu palepale, kibaridi cha Iringa kikiingia dirishani. Akanyamaza, kisha akasema: "Miaka yote hii nafanyiwa tu. Hili angalau nafanya mwenyewe."

Si haba, au mnasemaje?