Taimingi ya pikipiki: hasara ya cheche inayowahi au kuchelewa

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa huchukua muda kuwaka. Kiasi cha kutangulia huko hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenki.

Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, krenki husogea digrii 9 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikizunguka mara 6,000, husogea digrii 36. Kwa hiyo mwendo ukiongezeka, cheche nayo hulazimika kuwahi zaidi.

Cheche ikichelewa, nguvu hupungua, ekzosi hupata joto kali na petroli hupotea. Ikiwahi mno, injini hugonga, hasa inapopanda mlima na mzigo. Ikiachwa hivyo, pistoni huweza kutoboka.

Pikipiki nyingi za biashara zenye kabureta hupangiwa taimingi na kisanduku cha CDI, bila skrubu ya kurekebisha. Mwenye kununua CDI ya bei nafuu ng'ambo ya mpaka ahakikishe ni ya modeli yake, la sivyo huenda akabadili taimingi bila kujua. Na injini ikigonga mlimani, shusha gia kwanza, kisha muone fundi.