Mifano Iliyomo katika Kamusi za Kwanza

Tunapohesabu kazi za waliotutangulia, hutaja upesi majengo na mashule. Kamusi huzitaja kwa nadra. Na ile mifano ya maneno iliyomo ndani yake hatuitaji kabisa. Nasi twaona kwamba humo ndimo ilimobaki sauti ya wazee wetu wenyewe.

Dakta Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga, wala hakuacha kukusanya maneno. Mwaka 1846 akaja Rebmann, wakakaa pamoja Rabai, naye pia akaandika. Kamusi ya Krapf ilichapwa London mwaka 1882, mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Aifunguaye leo huiona tahajia yake kuwa ngeni, na maana nyingine zimepotoka. Lakini chini ya maneno mengi atakuta usemi mzima, kwa Kimvita cha siku zile. Yamkini mingine Krapf aliitunga mwenyewe. Hata hivyo, maana iliyoandikwa kwa Kiingereza ni ya mgeni. Mfano uliosikiwa ni wa mwenyeji. Mgeni akikosea kufasiri, mfano hubaki pale pale ukimsahihisha.

Tutwae neno moja tu, kata. Mwanafunzi akiambiwa kwamba ni kazi ya kisu au shoka, ameambiwa kweli. Basi atafanyaje asikiapo kwamba maji yamekata kiu, wazee wamekata shauri, na mgonjwa amekata tamaa? Hapana kisu hapo. Pasipo mfano atakwenda na shoka lake hata kisimani.

Kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 iliyojengwa juu yake, hutoa mifano mifupi, mara nyingi maneno mawili matatu. Yafaa shuleni, lakini msemaji hasikiki tena. Padre Sacleux, ambaye kamusi yake ilitoka Paris kati ya 1939 na 1941, alifanya jambo jingine jema: alionyesha neno husemwa wapi, Unguja, Mvita au Amu.

Je, wasemaji wenyewe walikuwa nani? Mmoja twamjua. Kamusi ya Rebmann ya lugha ya Kinyasa, iliyochapwa mwaka 1877, ilitokana na Salimini, mtu wa bara aliyetekwa utumwani akaletwa pwani. Jina lake limeandikwa, nasi twashukuru. Lakini wale wa Mombasa na Rabai waliokaa barazani siku baada ya siku wakirudia maneno polepole ili mgeni aandike, wengi wao hawakutajwa. Katika kamusi ya Krapf, herufi R. huonyesha neno lililotoka kwa Rebmann. Kwa yule aliyemwambia Rebmann neno hilo haikuwekwa herufi.